Nyuzi 85 ndani ya frigo

Saa 12 na nusu asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu ya muuguzi: frigo ya chanjo, nyuzi 85. Alifungua mlango mbio. Kipimajoto cha kawaida kilicholala kati ya vichupa kilionyesha 4. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu akanipigia: “Papa fundi, mashine yako ni mwongo.”

Kituo chake cha afya, kando ya barabara ya kutoka Butembo kwenda Lubero, mashariki mwa Kongo, kinaishi kwa sola. Usiku betri ikichoka umeme hukatwa. Jua likitoka, kadi ndogo ya kompyuta huwaka, hupima, hutuma SMS. Na tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, ambayo chanjo yake ilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, Beni na Butembo hapana muuguzi anayefanya mzaha na frigo. Chanjo za kawaida za watoto hukaa kati ya 2 na 8.

Kihisi nilichofunga ni DS18B20, nacho hakikuwa kibovu. Kinapopata umeme, rejista yake ya joto huanza na namba iliyowekwa na mtengenezaji: 85. Ukikiagiza kipime kwa biti 12, kinahitaji hadi milisekunde 750. Programu yangu ilisubiri 100. Ilisoma namba ambayo hakuna aliyeipima.

Mtu wa Butembo aliyezoea grupu (jenereta) anajua hili bila shule. Unaiwasha, unaisikiliza mpaka sauti itulie, ndipo unageuza swichi ya nyumba. Kiendeshi, yaani programu inayozungumza na kifaa kwa niaba ya mfumo, hakina masikio. Kina namba ulizokipa tu. Namba hizo ziko kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kadi ya SD, kwa mfano, hutaka milisekunde 1 baada ya umeme kutulia, kisha mapigo 74 ya saa, ndipo ipokee amri ya kwanza.

Katika Linux, kama umeme wa kifaa unapitia swichi inayoongozwa na kerneli, muda wa kusubiri huandikwa kwenye mti wa vifaa (faili inayoieleza kerneli vifaa vilivyopo), mstari wa startup-delay-us. Angalia herufi mbili za mwisho: ni mikrosekunde. Fundi anayetaka milisekunde 20 akaandika 20 badala ya 20000 atapata kifaa kinachoamka leo na kesho hakionekani, naye atalaumu waya.

Wengine huweka sekunde tano mwanzoni mwa programu, basi. Siipendi dawa hiyo: vifaa vyote vinacheleweshwa kwa ajili ya kimoja, na fundi atakayekuja hataelewa sababu. Kutupa kila 85 nako si suluhisho, maana kihisi hichohicho kwenye sufuria ya kuchemshia vyombo kitasoma 85 ya kweli. Tena, wakati wa kusubiri, kiendeshi kilale kweli. Prosesa inayozunguka bure inakula betri ileile ya sola.

Mimi nilibadilisha namba moja, 100 ikawa 800. Asubuhi iliyofuata SMS ilisema 4.5. Muuguzi bado anafungua mlango kuhakikisha, na sijamwomba aache.