Dawa ya TB ni bure, nauli je?

Dawa za kifua kikuu hospitali za serikali hutolewa bure, Lamu hadi Migori. Linalomshinda mgonjwa ni nauli.

Mvuvi wa Remba, kisiwa cha Homa Bay, hana barabara. Ana boti na upepo wa ziwa. Wenzetu wa Kizingitini wataelewa bila kuelezwa. Kipimo cha GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi, na huonyesha pia kama vijidudu ni sugu kwa rifampisini, lakini si kila zahanati iliyo nacho. Basi naona heri usafiri mkebe wa makohozi, si mgonjwa. Bodaboda aupeleke, jibu lirudi kwa simu. Huyo anayekohoa ndani ya matatu iliyofungwa madirisha aweza kuwaambukiza abiria.

Tiba yenyewe kwa kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Akiikatiza njiani kwa kukosa nauli, ugonjwa waweza kurudi ukiwa sugu.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Ambulensi huzinduliwa, picha hupigwa. Nauli ya mgonjwa wa TB haipigwi picha, lakini yafaa iwe kwenye bajeti.