Mfumo mmoja, maduka mengi: Asha asione oda za Juma

Unatengeneza mfumo wa maduka ya mtandaoni na unataka kila mteja awe na anwani yake: asha.example.com, juma.example.com. Je, lazima uweke programu mpya kila anapojiunga mtu? Hapana. Programu moja inatosha. Ila ukikosea, Asha ataona oda na namba za simu za wateja wa Juma.

Iko hivi:

1. DNS. Weka rekodi moja ya nyota: *.example.com. Jina lolote litakalotangulia litaelekezwa kwenye seva yako, isipokuwa lile uliloliwekea rekodi yake.

2. Cheti. Chukua cheti cha HTTPS cha nyota. Let's Encrypt wanakitoa bure tangu 2018. Kumbuka kinafunika ngazi moja tu: asha.example.com sawa, stoo.asha.example.com hapana.

3. Kusoma jina. Kila ombi la kivinjari huja na sehemu inayoitwa Host, yenye anwani iliyofunguliwa. Programu inachukua neno la kwanza, "asha", inalitafuta kwenye hifadhidata na kupata namba ya duka. Halipo? Rudisha 404, usimpeleke mtu duka jingine. Na majina kama www, api na admin, usiruhusu mtu ajisajili nayo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza. Host inatoka kwa mtumiaji, na yeyote anaweza kuibadilisha. Inakuambia duka gani limeombwa. Haikuambii nani anaruhusiwa kuingia.

Kwa hiyo mtu akishaingia, hakikisha kweli ni wa duka hilo. Kisha kila unapoita hifadhidata, taja namba ya duka. Ukitafuta "oda namba 45" peke yake, Juma akibadilisha 44 kuwa 45 anasoma oda ya Asha.

Angalia na kuki. Ukiandika Domain=example.com, kivinjari kitaipeleka kwenye maduka yote. Usipoandika Domain, inabaki kwa duka lililoitoa.

Kabla hujaachia mfumo hewani, fungua maduka mawili ya majaribio. Ingia la kwanza, halafu jaribu kufungua oda ya la pili. Ikifunguka, bado hujamaliza kazi.