Yubile ya Mfalme: Asili Yake na Mambo Yake

Habari ninayotaka kuwaeleza ni ya sikukuu kubwa ambayo mataifa yenye wafalme huifanya mfalme wao anapotimiza miaka mingi katika kiti cha enzi. Sikukuu hiyo huitwa yubile. Wengi wamelikuta neno hili katika stempu za barua, au katika jina la shule, hospitali au bustani, lakini ukiwauliza maana yake watakujibu tu ya kuwa ni siku ya bendera na fataki. Bendera na fataki zimo, walakini asili ya neno ni nyingine kabisa, tena ina uzito.

Neno hili limetoka katika lugha ya Kiebrania, nalo lahusu pembe ya kondoo dume ambayo watu waliipuliza kama baragumu. Katika sheria ya Musa, Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kuhesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49; kisha mwaka wa 50 baragumu ilie katika nchi yote. Mwaka huo mtu aliyeuza shamba lake kwa sababu ya umaskini alirudishiwa, na Mwisraeli aliyejiuza kwa sababu ya shida aliachwa huru arudi kwa jamaa zake. Angalieni vema, basi, ni nani aliyepewa siku ile. Aliyepewa ni maskini, na mwenye mali ndiye aliyetoa. Wafalme walipolichukua neno hili waligeuza mambo, maana katika yubile yao raia hukusanyika kumtukuza mwenye enzi. Hata hivyo asili ya neno haikupotea yote, na katika kila yubile nitakayowatajia yafaa tuulize swali lile lile: mnyonge alipata nini?

Uingereza ndiyo nchi iliyoieneza desturi hii hata ikafika kwetu Afrika ya Mashariki, kwa hiyo nitazungumza hasa juu yake. Mfalme George wa Tatu alianza kutawala tarehe 25 Oktoba 1760. Siku kama ile mwaka wa 1809, alipoingia mwaka wake wa 50, watu walifanya sikukuu mijini na vijijini. Hapakuwa na gwaride kubwa la kutazamwa na dunia nzima, lakini palikuwa na ibada, karamu, na jambo moja lililokaribia ile sheria ya zamani: askari waliotoroka jeshini walisamehewa, na watu waliofungwa gerezani kwa ajili ya madeni walifunguliwa. Nadhani mfungwa wa deni aliyetoka siku ile hakuhitaji kufundishwa maana ya yubile.

Baadaye alitawala Malkia Victoria, mjukuu wa mfalme yule. Aliingia enzini tarehe 20 Juni 1837, akiwa msichana wa miaka 18. Mwaka wa 1887, alipotimiza miaka 50, wanawake wa Uingereza walichangishana fedha za kumpa zawadi. Malkia hakuzitumia zote kwa mambo yake. Karibu pauni 70,000 zilitengwa kuanzisha chama cha wauguzi watakaozunguka na kuwahudumia wagonjwa maskini katika nyumba zao wenyewe. Kazi hiyo iliendelea muda mrefu baada ya magari ya yubile kurudi bandani.

Miaka kumi ikapita. Mwezi wa Septemba 1896 Victoria alikuwa ametawala kupita mfalme yeyote wa Uingereza aliyemtangulia. Watu walitaka kushangilia mara moja, lakini aliomba wangoje hata atimize miaka 60. Ndipo ikafanywa ile sikukuu ya tarehe 22 Juni 1897 iliyoitwa Yubile ya Almasi. Maana imekuwa desturi kuitaja miaka kwa majina ya vitu vya thamani: miaka 25 ni fedha, 50 ni dhahabu, 60 ni almasi, na 70 ni platinamu.

Waziri wa Makoloni wa siku zile, Joseph Chamberlain, alishauri ya kwamba wafalme wa nchi nyingine wasialikwe, bali sikukuu iwe ya dola ya Waingereza yenyewe. Shauri hilo lilikuwa na faida nyingine ambayo haikutangazwa sana: Malkia hakutaka kusumbuliwa na mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Udachi. Basi wakaitwa mawaziri wakuu 11 wa makoloni yaliyojitawala, na askari kutoka pande zote: Wakanada, Waaustralia, wapanda farasi wa Bara Hindi, Wahausa wa Afrika ya Magharibi, polisi wa Hong Kong. Asubuhi ile, kabla ya kutoka katika jumba la Buckingham, Malkia alibonyeza kitufe cha umeme, na salamu zake za shukrani zikapita katika nyaya za simu mpaka makoloni ya mbali. Kisha akapanda gari lililovutwa na farasi wanane weupe-manjano, akapita katikati ya London mpaka kanisa kuu la Mtakatifu Paulo.

Alikuwa na umri wa miaka 78, na miguu yake haikuweza kupanda ngazi za kanisa. Ikawaje? Ibada ililetwa nje. Maaskofu na waimbaji walisimama juu ya ngazi, na Malkia akabaki ameketi garini, wakamshukuru Mungu hapo hapo barabarani. Jamaa yake mmoja wa ukoo wa kifalme alichukizwa, akaona ni aibu kumshukuru Mungu njiani baada ya miaka 60. Mimi naona yule jamaa alikosea. Watu wa mitaani, ambao wasingalipata nafasi ndani, waliiona ibada kwa macho yao.

Siku nne baadaye manowari zipatazo 165 zilijipanga baharini karibu na Portsmouth ili zikaguliwe. Wanafunzi watapenda kisa hiki. Mhandisi mmoja, Charles Parsons, alikuwa amebuni mtambo mpya wa mvuke wenye mapanga yanayozunguka, lakini wakubwa wa bahari walikuwa hawajaukubali. Akaja na chombo chake kidogo kiitwacho Turbinia, akakipitisha kasi katikati ya safu za manowari, na mashua za ulinzi zikashindwa kukikamata. Miaka michache tu baadaye manowari mpya za Waingereza zilikuwa zikiundwa kwa mtambo ule.

Na mnyonge je? Katika London maskini wapatao 400,000 walilishwa karamu, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na mfanyabiashara wa chai, Thomas Lipton. Lakini Bara Hindi mwaka ule ule palikuwa na njaa kuu, na tauni ilikuwa ikiua watu Bombay na Pune. Serikali ilitia askari nyumbani mwa watu kutafuta wagonjwa, na jinsi walivyoingia iliwaudhi watu mno. Usiku wa yubile yenyewe, tarehe 22 Juni, ofisa aliyesimamia kazi ile mjini Pune, W. C. Rand, alipigwa risasi alipokuwa akirudi kutoka karamu ya jumba la Gavana; akafa baada ya siku chache. Walioua walinyongwa. Taa zile zile zilizowashwa kwa furaha London, huko Pune zilimulika uchungu, na mtu asomaye habari za yubile ile bila kusoma habari za Pune hajaisoma yote.

Kwetu pwani, mwezi wa Aprili wa mwaka huo wa 1897, Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja alitoa amri ya kuondoa nguvu ya sheria katika utumwa. Amri hiyo haikutolewa kwa ajili ya yubile ya Victoria. Ilitoka katika mashauri marefu na shurutisho la Waingereza. Tena haikumfungua kila mtu siku moja, maana mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana wake alilipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa, hata mwaka wa 1909. Pamoja na hayo yote, ukiuliza ni tendo gani la mwaka ule lililofanana zaidi na Mambo ya Walawi, utalitafuta Unguja kuliko London.

Mwaka wa 1935 Mfalme George wa Tano alitimiza miaka 25. Yubile hii ilikuwa na jambo jipya, yaani simu ya upepo. Jioni ya tarehe 6 Mei Mfalme alisema na watu wake wa nchi zote kwa sauti yake mwenyewe, wala si kwa nyaya na herufi kama bibi yake. Makoloni mengi yalitoa stempu za namna moja zenye picha ya ngome ya Windsor, na Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwamo. Uingereza siku hizo ilikuwa na watu karibu milioni 2 wasio na kazi, na hata mitaa ya maskini ya London ilipambwa; Mfalme mwenyewe alishangaa kuona jinsi walivyompenda. Fedha zilizochangwa ziliwekwa kwa ajili ya vijana. Mwezi wa Januari 1936 alikufa.

Desemba ya mwaka huo wa 1936, Unguja ilimfanyia yubile ya fedha Sultani Khalifa bin Harub, aliyeanza kutawala tarehe 9 Desemba 1911. Ikasadifu kwamba siku zile zile mfalme mpya wa Uingereza, Edward wa Nane, alikuwa akijiuzulu asijetimiza hata mwaka mmoja. Bustani ya pwani pale Forodhani ilitengenezwa kwa ukumbusho wa yubile ya Sultani, ikaitwa kwa jina hilo. Baada ya mapinduzi ya 1964 ikapewa jina la Jamhuri. Watu wameendelea kuiita Forodhani, kama walivyozoea.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengi hawalifikirii. Siku mfalme aingiapo enzini, kwa kawaida, ndiyo siku aliyekufa mzazi wake au jamaa yake. Malkia Elizabeth wa Pili aliipata enzi tarehe 6 Februari 1952, alipokuwa Kenya. Usiku ule alikuwa Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, akitazama wanyama wanywao maji. Na baba yake alikufa usingizini Uingereza. Kwa hiyo kila mwaka siku ile aliikaa kimya, na yubile zake ziliadhimishwa zaidi mwezi wa Juni, ambapo tena hewa ya kwao ina joto.

Mwaka ule ule wa 1952, mwezi wa Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na mwaka wa 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops. Ikajengwa nyingine. Juni 2012, katika yubile ya almasi ya Elizabeth, mioto iliwashwa juu ya vilima vya nchi nyingi. Ni desturi iliyotoka katika mioto ya kutangaza hatari, kama ile ya 1588 merikebu za Wahispania zilipokuja. Na mwaka uliofuata, 2013, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya siku za hali ya hatari, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliokuwa wameteswa. Jumla pamoja na gharama ikawa pauni milioni 19.9. Hawakulipwa kwa ajili ya yubile. Walilipwa kwa sababu wazee wachache walikwenda London kushitaki.

Lakini yubile ya 2012 ilikuwa na zawadi yake, nayo yatuhusu. Palianzishwa mfuko wa fedha uliopewa kazi ya kupigana na upofu unaoweza kuzuiwa, hasa ugonjwa wa vikope. Ninyi mnaoishi katika nchi kavu, ambako maji ni haba na nzi ni wengi, mnaujua ugonjwa huu. Huambukizwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua juu ya macho ya watoto. Mtu akiugua mara nyingi, ngozi ya ndani ya kope hukakamaa, kope hupinda ndani, na nywele zake hukwaruza jicho kila anapopepesa, hata mboni inafifia. Dawa zake ni nne zikiambatana: kupasua kope zilizopinda, kugawa dawa ya kuua vijidudu, kunawa uso, na kuleta maji safi na vyoo. Mfuko ule ulisaidia kazi hii katika nchi kadha, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda na Malawi, ukafungwa mwaka wa 2020 baada ya kumaliza muda wake. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha ya kuwa vikope si tatizo tena la afya ya umma katika Malawi.

Mwaka huo huo wa 2022, kuanzia tarehe 2 hata 5 Juni, Elizabeth alifanyiwa yubile ya platinamu, wa kwanza katika wafalme wote wa Uingereza kutimiza miaka 70. Majirani walifunga barabara zao, wakapanga meza katikati ya njia, kila nyumba ikaleta chakula. Malkia, mwenye miaka 96, alitokea barazani akiwa na fimbo. Ibada ya kanisa la Mtakatifu Paulo hakuiweza. Hata wakati huo si wote waliokuwa tayari kushangilia: Barbados ilikuwa imekwisha kuwa jamhuri Novemba 2021, na mwezi wa Machi mjukuu wake William alipozuru Jamaica alikutana na watu waliodai fidia ya utumwa. Hapo tena lilisikika, kwa njia nyingine, lile neno la Walawi juu ya watu waliouzwa.

Elizabeth alikufa tarehe 8 Septemba 2022, akiwa ametawala miaka 70 na siku 214. Katika wafalme wanaojulikana kwa hakika, Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa pekee ndiye aliyetawala nchi huru muda mrefu zaidi, miaka 72 na siku 110. Mwanawe, Charles wa Tatu, alizaliwa mwezi wa Novemba 1948. Wanafunzi wapendao hesabu na waitafute wenyewe: yubile yake ya fedha ingekuwa Septemba 2047, naye angekuwa na umri gani?