Msumeno wa umeme nyumbani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuwasha mashine

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

SIKU za mwisho wa juma, sauti inayosikika katika mitaa ya Mji wa Tunduma si ya malori pekee yanayosubiri kuvuka kuelekea Nakonde nchini Zambia. Nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati au kivuli cha mparachichi, mwalimu, dereva, wakala wa forodha au mtumishi wa umma aliyekwisha kuvua sare ya kazi huwasha msumeno wa umeme ili atengeneze kabati la vyombo, kitanda cha mtoto au banda la kuku.

Watu hawa si maseremala kwa ajira. Wanafanya kazi ya mbao kwa kuipenda, na wengi wao wamejifunza kwa kutazama mafundi. Ni jambo la kutia moyo, kwa kuwa linaokoa fedha za familia na kukuza ujuzi. Hata hivyo, msumeno ulio nyumbani una ukali uleule wa msumeno ulio kiwandani, ilhali nyumbani hakuna msimamizi, hakuna mkaguzi, na mara nyingi watoto wanacheza hatua chache kutoka ilipo mashine.

Ipo pia tofauti ambayo wengi hawaifikirii hadi siku ya ajali. Mfanyakazi anayeumia kazini analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na madai yake hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mtu anayejikata vidole akitengeneza meza yake mwenyewe nyumbani hana mwajiri katika kazi hiyo, hivyo gharama za ajali zinabaki kwake na kwa familia yake. Kwa sababu hiyo, kinga ya kwanza ni uelewa.

Kila msumeno na kazi yake

Katika karakana za nyumbani hukutwa zaidi aina tatu za misumeno ya umeme. Ya kwanza ni msumeno wa mviringo wa mkononi, wenye diski ya meno na bapa la chini linalotelezeshwa juu ya mbao. Huu hufaa kwa kukata mbao za mbili kwa nne, moja kwa nane na mbao za tabaka. Ya pili ni msumeno wa meza, ambao diski yake hutokeza juu ya meza na fundi huisukuma mbao kuielekea. Huu ndio unaopasua mbao kwa urefu kwa unyoofu zaidi, na ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ya tatu ni msumeno wa kisu chembamba kinachopanda na kushuka, unaotumika kukata mikunjo na matundu.

Kwa anayeanza, msumeno wa kisu chembamba ni mwanzo mzuri, kwa kuwa hauna diski inayozunguka na ni rahisi kuumudu. Msumeno wa meza unafaa kununuliwa baada ya mtu kupata mazoezi chini ya fundi mzoefu.

Ni vema kuelewa kasi inayozungumzwa hapa. Diski yenye kipenyo cha milimita 250 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hupitisha meno yake kwa kasi ya takriban mita 52 kwa sekunde, sawa na kilomita zaidi ya 180 kwa saa. Binadamu huhitaji takriban robo ya sekunde kutambua hatari na kuanza kuurudisha mkono. Katika muda huo, meno yenye urefu wa jumla wa mita 13 yanakuwa yamekwisha kupita mahali kidole kilipo. Hakuna anayeweza kuiwahi diski, na ndiyo maana usalama wa msumeno hautegemei wepesi wa mkono bali mahali mkono ulipowekwa tangu mwanzo.

Grenda si msumeno wa mbao

Tabia moja inastahili kukemewa waziwazi: kufunga diski ya meno ya kukatia mbao kwenye grenda. Hufanyika kwa sababu grenda ni ya bei nafuu na mwenye nyumba huwa anayo tayari kwa kazi za chuma.

Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara mbili ya misumeno mingi ya mviringo. Haina bapa la kuituliza juu ya mbao, na kinga yake imeundwa kuzuia cheche za chuma. Meno yanapokwama kwenye fundo la mbao, grenda yote huruka kutoka mikononi, na mara nyingi huelekea pajani, tumboni au usoni. Hali huwa mbaya zaidi pale kinga inapokuwa imeondolewa ili diski kubwa iweze kuingia. Anayehitaji kukata mbao anunue au aazime msumeno wa mbao.

Kwa nini mbao hurushwa nyuma

Si kila ajali ya msumeno wa meza huanza kwa mkono kugusa diski. Nyingine huanza kwa mbao kurushwa kuelekea kwa fundi. Mbao inapopasuliwa, nyuzi zake huweza kulegea na kujibana tena nyuma ya diski, hasa ikiwa haijakauka vizuri au imejipinda. Meno ya nyuma ya diski, ambayo husogea kuelekea juu, huidaka mbao hiyo, huinyanyua na kuitupa kwa nguvu. Pamoja na kumpiga fundi, tukio hilo huweza kuuvuta mkono wake kwenye diski.

Ndiyo maana msumeno wa meza ulio kamili huja na bapa jembamba la chuma lililosimama nyuma ya diski, ambalo kazi yake ni kuzuia mbao isijibane. Wapo wanaoling'oa kwa kudhani ni pambo au kizuizi. Lirudishwe. Aidha, fundi asimame kando kidogo ya mstari wa diski, atumie kijiti cha kusukumia anapokata vipande vyembamba, asikate mbao kwa mikono mitupu bila mwongozo wa pembeni, na diski isitokeze juu ya mbao kuliko inavyohitajika. Glavu zisivaliwe mbele ya diski inayozunguka, kwa kuwa meno huweza kuidaka glavu na kuuvuta mkono. Mikono mirefu ya shati, tai, mtandio na mikufu vinahusika na katazo hilohilo.

Umeme na mkoba wa familia

Msumeno wa wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 6.5 unapofanya kazi kwa nguvu yake yote, na huvuta zaidi ya hapo sekunde unapowashwa. Ekstensheni nyembamba zinazotumika kuchajia simu hazikukusudiwa mzigo huo. Waya ukiwa mwembamba au mrefu mno, nguvu ya umeme hupungua kabla ya kufika kwenye mashine, mota hulemewa na kupata joto, na waya uliobaki umeviringwa huweza kuyeyuka na kuwasha moto. Katika karakana iliyojaa randa za mbao, cheche moja inatosha.

Waya wa kuendeshea msumeno uwe na unene usiopungua milimita za mraba 1.5 na ukunjuliwe wote wakati wa matumizi. Soketi ya karakana iwe na waya wa ethi unaofanya kazi pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampea 30. Kazi ya kufunga nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Kuhusu gharama, msumeno wa wati 1,500 ukitumika kwa nguvu zote nusu saa kila siku, unaweza kufikia uniti 22.5 kwa mwezi. Kwa kaya iliyo katika kundi la wateja wadogo wa majumbani wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ongezeko hilo linaweza kuitoa kwenye bei nafuu. Ni hesabu ya kufanywa kabla ya kununua mashine.

Vumbi na kelele

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hususan saratani ya pua na mianzi yake. Fundi avae barakoa inayokaza vizuri usoni, akate mbao mahali penye hewa ya kutosha, na asifagie vumbi kavu ndani ya chumba ambamo familia inalala.

Kelele nayo hudhuru polepole. Kiwango cha desibeli 85 huchukuliwa kuwa kikomo kwa saa nane za kazi, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho msumeno wa mviringo hukifikia, muda huo ni dakika 15 tu bila kinga ya masikio. Majirani pia wana haki ya utulivu: Kanuni za Usimamizi wa Mazingira kuhusu kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinahusu pia makazi ya watu, na viwango vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana.

Ununuzi katika mji wa mpakani

Tanzania na Zambia zote hutumia umeme wa volti 230, hivyo mashine iliyonunuliwa Nakonde kwa kawaida huendana na soketi za Tunduma. Mashine za mitumba kutoka Japani au Marekani ni suala jingine, kwa kuwa nchi hizo hutumia volti 100 na 120. Ukiichomeka moja kwa moja bila transfoma, mota huungua.

Mnunuzi anashauriwa kusoma kibao cha mashine, kuhakikisha kinga ya diski ipo na inajifunga yenyewe, na kulinganisha kasi iliyoandikwa kwenye diski na ile ya mashine. Diski yenye kasi ya chini kuliko mashine isifungwe kamwe. Bidhaa zinazoingizwa nchini zipitishwe katika Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, zitangazwe kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na zikidhi matakwa ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Njia za panya humnyima mnunuzi risiti, na bila risiti hana pa kuanzia anapodai haki yake mashine ikiwa na kasoro.

Mbao nazo ziwe na asili inayojulikana. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ndio wenye dhamana ya vibali katika misitu ya Serikali Kuu. Kwa wakazi wa mpakani, mninga na mkurungu vinahitaji tahadhari ya pekee. Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliamua kuwa miti yote ya jamii hiyo barani Afrika iingizwe katika Kiambatisho cha Pili. Hivyo, kuvusha mbao zake kwenda nchi nyingine kunahitaji kibali maalumu, hata kama mzigo ni mdogo.

Starehe inapogeuka ajira

Mara nyingi kabati la kwanza huvuta oda ya jirani, kisha oda ya pili, na hatimaye kijana wa kusaidia huajiriwa. Hapo karakana ya nyumbani inakuwa mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka sehemu hiyo isajiliwe na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), mwajiri anapaswa kujisajili WCF, na biashara inahitaji leseni ya halmashauri. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi hatarishi, na kuendesha msumeno ni mojawapo.

Kwa wale waliojifunza kwa vitendo, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa na kupewa cheti.

Ajali ikitokea

Zima mashine kwenye soketi. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na unyanyue mkono juu. Iwapo kidole kimekatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha uweke mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Barafu isiguse kidole moja kwa moja. Majeruhi apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu. Kumbuka kuwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya iko takriban kilomita 100 kutoka Tunduma, kwenye barabara yenye malori mengi, na kila dakika ina thamani. Kwa moto, piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Wananchi wenye karakana nyumbani wanashauriwa kuchomoa plagi kila wanapobadilisha diski na kila wanapoondoka, na kuifunga mashine mahali watoto wasipofika. Kazi ya kuchomoa plagi haizidi sekunde mbili, lakini kidole kikipotea hakioti tena.