Fahamu: Je, imani husaidia baada ya kiwewe?

Agosti 7, 1998, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200. Miaka mitatu kabla, shambulio la Oklahoma City, Marekani, lilikuwa limeua watu 168. Watafiti waliolinganisha manusura wa miji hiyo walikuta viwango vya maradhi ya kiwewe vikikaribiana. Kilichotofautiana ni pa kukimbilia: Nairobi waliegemea zaidi dini, Oklahoma City matibabu, dawa na, ndiyo, pombe.

Basi sala inatosha? Inategemea mtu anasali akiwa na picha gani ya Mungu. Mwanasaikolojia Mmarekani Kenneth Pargament hupambanua njia mbili. Kuna anayemwona Mungu yu pamoja naye katika dhiki, na akatafuta faraja kwa waumini wenzake. Kuna anayejiona ameadhibiwa au ametupwa. Mwaka 2001, Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa takriban miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waliohisi kuachwa na Mungu, au kwamba shetani ndiye aliyewaletea maradhi, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki. Huo ni uhusiano tu, chanzo hakijathibitishwa.

Hata hivyo, wahubiri wanaomwambia mgonjwa kwamba amepungukiwa na imani (tunawajua) wangefaa kuusoma utafiti huo. Anayesumbuliwa na majinamizi na kukosa usingizi kwa zaidi ya mwezi anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Sheikh au mchungaji makini humsindikiza hadi kliniki.