Siku ya Michezo Chekechea: Michezo Mitano ya Mzazi na Mtoto Isiyohitaji Pesa

Siku ya michezo inapofika katika shule ya chekechea, utaona watoto wa aina mbili uwanjani. Yupo aliyemshika mamake mkono kwenye mstari wa kuanzia, akirukaruka kabla firimbi haijalia. Na yupo aliyesimama kando ya mwalimu, macho yake yakiwa langoni, akisubiri kuona kama kuna mtu wake anayekuja. Maelezo haya yanawalenga wazazi, walezi na walimu wa watoto hao wote wawili.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Hata hivyo, kaunti na walimu hawawezi kulifanya jukumu hilo peke yao. Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 kuanzia PP1, PP2 na gredi za mwanzo, unamtambua mzazi kama mshirika katika masomo ya mtoto. Siku ya michezo ni mahali rahisi pa kuanzia ushirika huo. Mzazi hahitaji kujua kusoma wala kununua chochote. Anachohitaji ni kufika na kucheza.

Kwa nini mzazi acheze?

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 anapaswa kuuchangamsha mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za shughuli za nguvu kama kukimbia na kuruka. Muda huo hauwezi kupatikana shuleni pekee. Mchezo ambao mzazi ameujua siku ya michezo ataurudia nyumbani jioni, na hapo ndipo faida yake ilipo.

Pia, mtoto akicheza na mtu wake mzima hujifunza kusubiri zamu, kusikiliza maagizo na kupima nguvu za mikono yake. Akimwona babake akikosea shabaha, akacheka na kujaribu tena, hujifunza kwamba kushindwa si aibu.

Michezo mitano ya kujaribu

1. Mpira juu ya leso. Mzazi anashika pembe mbili za leso na mtoto anashika pembe mbili nyingine. Mpira wa matambara unawekwa katikati. Wanatembea hatua 15 hadi kwenye alama na kurudi bila mpira kuanguka. Mzazi akinyanyua mikono juu sana, mpira humwendea mtoto na kudondoka. Kwa hiyo inambidi ainame na kufuata mwendo wa mtoto. Mpira ukianguka, wanauokota na kuendelea pale pale. Hakuna kuanza upya.

2. Kuvuka mto. Kila jozi hupewa vipande viwili vya katoni vya ukubwa wa sinia. Mtoto husimama juu ya kimoja, mzazi huweka cha pili mbele yake, naye mtoto huruka hapo. Mzazi huchukua cha nyuma na kukipeleka mbele, hivyo hivyo hadi ng'ambo. Umbali wa hatua 10 za mtu mzima unatosha. Mchezo huu uchezwe kwenye nyasi au mchanga, kwa maana katoni huteleza kwenye sakafu ya saruji.

3. Kikapu kinachodaka. Mzazi anashika kikapu au beseni, na mtoto anasimama hatua tatu mbele yake akiwa na mipira mitano ya matambara. Mtoto hurusha, mzazi hudaka kwa kikapu bila kusogeza miguu. Nyanya au babu anaweza kucheza akiwa ameketi kwenye kiti. Mtoto akizoea, arudi nyuma hatua moja.

4. Kiatu cha mtu wangu. Wazazi wanaketi kwenye mikeka na kuvua kiatu kimoja kila mmoja, iwe ni ndara, champali au kiatu cha kufunga. Viatu vyote vinachanganywa katika rundo moja upande wa pili wa uwanja. Firimbi ikilia, watoto wanakwenda kutafuta, kila mmoja anarudi na kiatu cha mtu wake na kumvisha. Waende kwa makundi ya watoto wanane au kumi ili wasigongane kwenye rundo. Huu ndio mchezo wa kuchekesha kuliko yote, na mtoto asiye na mbio huweza kuwa wa kwanza kwa sababu anaijua vizuri ndara ya mamake.

5. Mtoto ndiye kiongozi. Mtoto anafanya tendo na mzazi anaiga: kuruka kama chura, kutembea upande kama kaa, kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Baada ya dakika mbili wanabadilishana. Mchezo huu hauna mshindi. Ni mzuri kufungia siku, kwa kuwa watu wote huingia uwanjani kwa pamoja.

Michezo ya kuepuka

Mbio za miguu mitatu zinawafaa watu wanaokaribiana kimo. Mtu mzima akifungwa mguu na mtoto wa miaka minne, anayeburutwa ni mtoto. Mbio za kumbeba mtoto mabegani pia si salama, maana mzazi akijikwaa mtoto huanguka kutoka juu. Kuvuta kamba kuachiwe watu wazima huku watoto wakishangilia, na mtu yeyote asijizungushie kamba mkononi au kiunoni.

Mtoto ambaye hana aliyekuja

Wapo wazazi wanaotoka alfajiri kwenda sokoni, baharini, shambani au kazini, na kukosa siku moja ya mapato ni kukosa chakula cha jioni. Wapo pia watoto wanaolelewa na nyanya, au ambao wazazi wao wamefariki. Walimu wanaombwa kuzingatia mambo haya:

• Toeni taarifa wiki mbili mapema, na andikeni kwamba mtoto aje na "mtu mzima wake". Shangazi, mjomba, dada mkubwa au jirani ni mtu mzima wa kutosha.

• Anzeni saa mbili unusu asubuhi na kumaliza kufikia saa tano. Jua huwa halijawa kali, na mzazi anaweza kuwahi shughuli zake.

• Siku moja kabla, pitieni orodha ya watoto. Kila ambaye hatakuwa na mtu apangiwe mapema mtu mzima anayemfahamu. Asitafutiwe mtu mbele ya wenzake huku firimbi ikisubiri.

Nawe mzazi uliyefika, ukimaliza zamu na mtoto wako, jitolee kwa mtoto mwingine. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kucheza kama wenzake. Kikapu kinachodaka na mpira juu ya leso vinaweza kuchezwa na mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mtoto asiyesikia vizuri apewe ishara ya kitambaa wakati mmoja na firimbi. Zungumzeni kwanza na mzazi wake, kwani yeye ndiye anayejua mtoto anaweza nini na anapenda nini.

Usalama na zawadi

Asubuhi, kabla ya watoto kufika, uwanja ukaguliwe na kuondolewa vioo, misumari, miiba na mawe. Mistari inaweza kuchorwa kwa majivu. Pawe na maji safi ya kunywa, kivuli cha kupumzikia, sanduku la huduma ya kwanza na mahali pa kunawa mikono. Mwalikeni mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu awepo. Kila mchezo usizidi dakika tano au sita, kwa kuwa mtoto mdogo akisubiri sana huchoka na kuanza kulia.

Katika umri huu hakuna haja ya namba moja, mbili na tatu. Kila mtoto aliyecheza apate kitu kile kile, hata kama ni ndizi moja na makofi ya watu wote. Wazazi wasichangishwe pesa za zawadi. Ombeni ruhusa ya mzazi kabla ya kusambaza picha ya mtoto kwenye makundi ya simu.

Baada ya siku hiyo

Leso, kikapu, kipande cha katoni na ndara vinapatikana karibu kila nyumba. Mzazi ambaye hakuweza kufika anaweza kumuuliza mtoto wake jioni, "Mlicheza nini leo?", kisha akakaa chini akafundishwa. Dakika kumi na tano zinatosha, na mtoto atafurahi kuwa mwalimu.

Ikiwa kituo chenu kinapanga siku ya michezo na mnahitaji ushauri, zungumzeni na mwalimu wa chekechea aliye karibu nanyi au fikeni katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu.