Makofi ya Kilo na Redio: Juhudi na Ustawi wa Wanafunzi wa Msingi Shule Zilipofungwa

Masomo ya mbali, yaani mafunzo yanayoendelea mwalimu na mwanafunzi wakiwa mahali tofauti huku wakiunganishwa na redio, runinga, simu au hata karatasi tupu, yaliingia katika nyumba za Kenya bila kubisha hodi mnamo Machi 2020. Kisa cha kwanza cha Korona kilitangazwa nchini tarehe 13 mwezi huo, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule, zile za kutwa kuanzia Jumatatu tarehe 16 na za mabweni kufikia Jumatano tarehe 18. Tangu hapo yameandikwa mengi kuhusu mitambo, mitandao na sera zilizotumika kuziba pengo hilo, lakini aliyebeba mzigo wenyewe, mtoto wa Gredi ya 2 au Darasa la Sita aliyetakiwa kujifunza bila kengele, bila dawati na bila mwenzake wa kumchungulia daftari, ametajwa zaidi kama takwimu ya hasara kuliko kama mtu aliyefanya kazi. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi hiyo ilikuwepo, ilikuwa kubwa, na haikupata pongezi ilizostahili kwa sababu nyenzo zilizotumika kufundishia hazikuwa na jicho la kumwona anayefundishwa.

Ili kuelewa ukubwa wa juhudi hizo, ni lazima kwanza kuangalia kilichokuwemo ndani ya nyumba. Sensa ya mwaka 2019, iliyofanyika miezi michache tu kabla ya janga, ilionyesha kwamba asilimia 56.9 ya kaya za Kenya zilikuwa na redio, asilimia 40.7 zilikuwa na runinga, asilimia 17.9 zilikuwa na huduma ya intaneti, na asilimia 8.8 pekee ndizo zilizokuwa na kompyuta ya aina yoyote, ikiwemo kishikwambi. Takwimu hizo ndizo zilizoamua nani angesoma na kwa njia ipi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, ambayo huandaa mtaala na vifaa vya kufundishia, ilipeleka vipindi vyake katika idhaa za Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, katika chaneli yake ya runinga ya elimu na katika mtandao wa YouTube. Shule za kibinafsi zenye uwezo zilihamia kwenye programu za mikutano ya video. Wengine walitegemea huduma ya Shupavu 291, iliyotuma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi na hivyo kuweza kutumika hata katika simu ya kabambe, ile isiyo na intaneti. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa mashambani na wa mitaa ya mabanda, darasa lilikuwa redio, na wengine hawakuwa hata na hiyo. Duniani kote, kwa hesabu ya UNICEF iliyotolewa Agosti 2020, wanafunzi wasiopungua milioni 463 hawakufikiwa na masomo ya mbali ya namna yoyote.

Redio si ngeni katika elimu ya nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa uwanja wa majaribio ya mradi uliofundisha Kiingereza kwa watoto wa madarasa matatu ya kwanza kwa vipindi vya kila siku, kwa kutumia mbinu iliyokuwa imezaliwa nchini Nicaragua mwaka 1974 katika ufundishaji wa hisabati. Mbinu hiyo, inayoweza kuitwa ufundishaji shirikishi kwa redio, ina siri moja nyepesi: mtangazaji huuliza swali, hunyamaza kwa sekunde chache zilizopimwa, watoto hujibu kwa sauti, kisha mtangazaji hutaja jibu sahihi na kuwapongeza. Ukimya huo mfupi ndio moyo wa somo zima, kwa kuwa humgeuza msikilizaji kuwa mshiriki. Lakini mradi ule uliwalenga watoto walioketi darasani, wakiwa na mwalimu aliyesimama kando ya redio, akimwona aliyejibu, aliyebahatisha na aliyetikisa midomo tu bila kutoa sauti. Mwaka 2020 redio ilibaki na watoto peke yake. Mtangazaji aliposema "vizuri sana", neno hilo lilimwendea aliyejibu sawa, aliyekosea, na yule aliyekuwa ameitwa nje kumfukuza mbuzi.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo mtu mzima huisahau kwa urahisi. Katika darasa la kawaida la shule ya msingi, mtoto akijibu swali gumu mwalimu huwaambia wenzake wampigie makofi ya kilo, na darasa zima hupiga kwa mpigo mmoja uliozoeleka, naye aliyejibu huketi akiwa ameinamisha uso ili asionekane akitabasamu. Hayo si mapambo ya somo. Ni malipo yanayotolewa papo hapo na hadharani, tena na watu ambao maoni yao mtoto huyathamini kuliko ya yeyote mwingine. Vivyo hivyo alama ya vema ya wino mwekundu daftarini, ambayo mtoto huifungulia daftari njiani ili kuitazama tena. Nyumbani, daftari lilijaa kurasa kadhaa ambazo hakuna aliyezisahihisha, na mtoto akaendelea kuandika.

Neno "akaendelea" halipaswi kupitwa haraka. Katika nyumba ya chumba kimoja, somo la redio hupatikana kwa mpangilio ambao mtoto mwenyewe huujenga: betri zilizochoka huanikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza kipindi, redio huwekwa dirishani inakoshika mawimbi vizuri, mdogo mtu hupakatwa au hupewa kifuniko cha sufuria achezee ili asilie, na kalamu hutayarishwa mapema kwa kuwa sauti ya redioni ikishapita haimrudii aliyepitwa. Mama akihitaji kusikiliza taarifa ya habari, somo huahirishwa. Simu ya baba yenye WhatsApp, ambayo mwalimu hutumia kutuma mazoezi, hurudi nyumbani usiku pamoja na baba, ikiwa na chaji kidogo na bando lililobakia haba, na watoto watatu wa madarasa matatu hugawana saa moja ya mwanga wa kioo chake. Mtoto wa miaka tisa anayepanga mambo hayo yote kabla ya kusikia neno la kwanza la somo la Sayansi ameshafanya kazi ambayo mtu mzima angeitambulisha katika barua ya kuomba ajira kama uwezo wa usimamizi.

Swali la namna ya kuzipongeza juhudi kama hizo si la hisia tu, kwani limechunguzwa kitaalamu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano, ambapo baada ya kufanya zoezi la kwanza baadhi yao walisifiwa kwa kuwa na akili na wengine walisifiwa kwa kufanya bidii. Wote walipopewa zoezi gumu lililowashinda, na kisha zoezi la tatu la kiwango sawa na la kwanza, waliosifiwa kwa akili walishuka na waliosifiwa kwa bidii walipanda. Tena wale wa kundi la kwanza walielekea zaidi kudanganya walipoulizwa wamepata alama ngapi. Funzo la utafiti huo kwa masomo ya mbali ni zito, maana mwaka 2020 ulikuwa, kwa kila mtoto, mfululizo wa mazoezi magumu yasiyo na alama wala msahihishaji, na sifa pekee yenye maana ilikuwa ile inayotaja kitendo chenyewe. Kumwambia mtoto "umesikiliza kipindi kizima ukiwa umembeba mdogo wako" kuna thamani zaidi kuliko kumwita bingwa, neno ambalo shuleni siku hizi hata anayepangusa ubao huitwa.

Ustawi, kwa maana ya hali ya mtoto kuwa na afya ya mwili, utulivu wa moyo, chakula, usalama na nafasi ya kucheza, hauwezi kutenganishwa na juhudi hizo. Kufungwa kwa shule kulikatiza pia mlo wa mchana katika maeneo kame, ambako sahani ya shuleni ndiyo iliyokuwa ya uhakika. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, na mwezi Aprili usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale ukazuiwa, hivyo baadhi ya watoto wakatenganishwa na mzazi aliyekwama upande wa pili wa kizuizi. Michezo ya kati, bano na kuruka kamba, ambayo haina maana bila mwenzi, ilikatazwa au ilichezwa kwa kujificha. Haki ya kupumzika na kucheza imetajwa waziwazi katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, ingawa katika mijadala ya mwaka 2020 haki hiyo ilisikika kwa nadra, kana kwamba mchezo ni anasa ya wakati wa neema.

Pigo lililogusa juhudi na ustawi kwa pamoja lilikuja tarehe 7 Julai 2020, pale Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alipotangaza kwamba mwaka huo wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea na kwamba shule zingefunguliwa Januari 2021. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, ya kwanza ikiwa kwamba haingekuwa haki kumhesabia mwenye kishikwambi masomo ambayo mwenye kabambe, au asiye na chochote, hakuyapata. Lakini hakuna aliyefikiria sana namna ya kumweleza mtoto aliyekuwa amekaa dirishani na redio tangu Machi kwamba aliyoyafanya hayamo katika hesabu. Usawa ulilindwa, na juhudi zikafutwa kwa kalamu ileile. Huo ni upungufu ambao ungeweza kurekebishwa kwa gharama ndogo sana: kwa barua ya mwalimu mkuu, kwa cheti cha karatasi ya kawaida, au kwa madaftari kukusanywa na kutiwa alama ya vema.

Hatimaye mpango ulibadilika, na tarehe 12 Oktoba 2020 wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne wakarejea. Gredi ya 4 ndiyo iliyokuwa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, yaani mtaala unaopima kile mtoto anachoweza kutenda na si kile anachokumbuka tu, na kwa hiyo serikali haikutaka libaki nyuma. Wengine walirudi tarehe 4 Januari 2021. Mtihani wa Darasa la Nane wa mwaka 2020 ulifanyika Machi 2021, na Aprili matokeo yalipotangazwa magazeti yaliandika, kama ada, kuhusu alama 433 kati ya 500 za aliyeongoza. Alama hizo zilistahili kusherehekewa. Hata hivyo mtihani ule haukuwa na swali hata moja la kupima ni nani alisoma kwa mwanga wa koroboi.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi watu wazima walivyolipa deni kwa mfuko wa watoto. Ili kufidia muda uliopotea, kalenda ilibanwa, likizo zikakatwa, na hali haikurudi kuwa ya kawaida hadi Januari 2023. Mtoto aliyeelezwa kwamba mwaka wake umepotea ndiye aliyenyang'anywa pia mapumziko ya miaka miwili iliyofuata, ilhali lililosababisha upotevu huo halikuwa kosa lake. Majirani walipita njia tofauti: Tanzania, iliyokuwa imefunga shule tarehe 17 Machi 2020, iliwarudisha wanafunzi wa msingi tarehe 29 Juni mwaka huohuo, na Uganda haikufungua shule zake kikamilifu hadi Januari 2022, karibu miaka miwili kamili. Ubora wa kila njia ni mjadala wa siku nyingine, ila mtoto wa Kampala aliyesubiri kwa muda huo wote bila kuacha kitabu anastahili heshima kubwa kuliko aliyopewa.

Kusherehekea juhudi za wanafunzi hao hakuhitaji hema, spika wala mgeni wa heshima anayechelewa kufika. Kunahitaji kwanza ushahidi, na ushahidi huo bado umo katika baadhi ya nyumba: madaftari ya mwaka 2020, yenye tarehe zilizoandikwa kwa mkono wa mtoto, majibu ya maswali ya redio yaliyokatika katikati pale betri ilipokufa, na kurasa zisizo na wino mwekundu. Watoto wa Gredi ya 4 waliotangulia kurudi darasani Oktoba ile ndio waliokuwa wa kwanza kuingia sekondari ya chini Januari 2023, na leo ni vijana wenye sauti nzito na haya kidogo kuhusu utoto wao. Mwenye mmoja wao nyumbani na alitafute daftari hilo kabla halijafungiwa maandazi, amwulize alisomaje mwaka ule, na asikilize jibu mpaka mwisho.